Kibano Kisichoachia

Uvumi wenyewe niliuletewa na Mama Chausiku, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, asubuhi nikikanda unga wa chapati za kuuza. Alisema huko Kisima Kirefu kuna mtoto kachukuliwa na pazia. Nikamuuliza kachukuliwa vipi, kwani pazia lina miguu? Akatazama mlangoni, akasema, "Shoga, mimi sijasema kitu. Nimekuja kuomba chumvi." Akaondoka bila chumvi.

Nilijaribu kuusahau. Nilifua, nikasonga ugali, nikachambua mchele ambao nilikuwa nimeshauchambua. Lakini uvumi ule ulikuwa kama nzi, ukimpunga anazunguka chumba na kutua palepale. Maana na mimi nina mtoto, Tunu, ndiyo kwanza ameanza kusimama kwa kushika ukuta, na nyumba yetu ina pazia. Nchi nzima ina pazia. Ngojeni niwaeleze, huenda haya yakasomwa na watu wa nchi nyingine, ambako nasikia madirisha huachwa tu yakae.

*

Nchi yetu inaongozwa na Mlezi Mkuu. Mlezi Mkuu anatupenda, na kila apitapo barabarani hupenda kuona wananchi wakimpungia madirishani. Zamani tulikuwa tukipunga wenyewe. Ikaonekana hatupungi sawasawa. Wengine walipunga huku wanatafuna, wengine walipungia mkono wa kushoto, na mzee mmoja wa mtaa wa pili alikuwa akifukuza nyuki, akapelekwa kuulizwa ana maana gani.

Wizara ya Madirisha ikaona raia wasisumbuliwe. Kila dirisha likapewa pazia la kuviringisha, limechorwa kwa nje watu wanaopunga na kucheka. King'ora kikilia unavuta kamba, pazia linashuka, na familia yako ya rangi inampungia Mlezi Mkuu wakati wewe ndani unaendelea kukaanga dagaa. Mimi mwenye elimu ya darasa la saba sikuona ubaya. Mwanamke wa kwenye pazia letu amenawiri kunishinda, na meno yake yametimia. Tena Baba Tunu alipata kazi kwa ajili hiyo, akapelekwa mkoani kuchora mikono. Meno ni idara nyingine.

Sasa kuhusu kibano. Kule juu pazia linajiviringisha kwenye rola yenye springi kali, ambayo saa zote inataka pazia lipande. Kwenye ubao wa chini wa pazia inaning'inia kamba ndefu iliyokunjwa mara mbili, na ncha zake zimebanwa pamoja hapo ubaoni na kidude kidogo kama punje ya haragwe. Hicho ndicho kibano. Unavuta kamba, unaipachika kwenye kulabu ya ukutani, pazia linatulia.

Vibano vya mwanzo vilikuwa vya plastiki, vikivutwa kwa nguvu vinaachia. Basi siku moja msafara unapita, kimoja kikaachia, pazia likaruka juu, na Mlezi Mkuu akamwona fundi saa akijikuna tumbo. Nchi ilitikisika. Waziri wa Madirisha, Mheshimiwa Dokta Ngulumbi, akahutubia redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "kibano kinachoachia ni kibano chenye moyo mwepesi. Leo kimeachia kamba. Kesho kitaachia nini? Bandari? Wimbo wa taifa? Kuanzia sasa tutabanwa kwa shaba, na shaba haiachii."

Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga, unga ukaruka hadi kwenye redio.

Katika hotuba hiyohiyo alisema kwamba, kwa kuwa msafara unaweza kupita wakubwa wakiwa kazini, kamba ya kila nyumba ifike kwenye kimo cha raia mdogo kuliko wote wa nyumba hiyo. Uzalendo, alisema, hauna umri.

*

Kwa hiyo alikuja kwetu Bwana Kilindo, Afisa Vibano wa Kata, na futi kamba shingoni kama fundi cherehani. Akataka kumpima Tunu. Tunu akaketi. Bwana Kilindo akasubiri. Tunu akasimama, akashika ukuta, akamcheka, akaketi tena. Afisa akatoa peremende, na mtoto alipoinuka kuifuata, akampima haraka haraka, akashusha kamba.

"Bwana Kilindo," nikamwambia, "hiyo kamba imefika shingoni kwa mtoto."

"Imefika kifuani, mama. Inakuwa shingoni akiketi, na sheria haitambui kuketi."

"Lakini anaketi kutwa."

"Basi mfundishe kusimama. Mjukuu wa balozi wa nyumba kumi amesimama kabla hajaota meno."

Mama mkwe wangu, Bi Siwema, ambaye hajawahi kukosa king'ora hata akiwa na homa, akasema, "Mwache afisa afanye kazi yake. Mbona wewe unapenda kubishana na vyuma?"

Nikarudi jikoni. Ndipo Mama Chausiku akaja na ule uvumi wake, na usingizi ukanihama.

*

Nilikwenda ofisi ya kata na Tunu mgongoni. Nikamkuta Bwana Kilindo anang'arisha vibano kwa majivu.

"Naomba kamba yetu ipandishwe," nikasema. "Au ikatwe katikati, isiwe kitanzi."

Aliinuka akafunga mlango.

"Neno hilo hatulitumii hapa, Mama Tunu. Hilo ni duara la mshikamano."

"Naomba basi duara la mshikamano likatwe."

"Mwanao amedhurika?"

"Bado."

"Kwa hiyo huna malalamiko. Ulicho nacho ni utabiri, na utabiri ni kwa waganga wa nyota."

"Na akidhurika?"

"Unamleta tumwone."

"Akiwa hawezi kuletwa?"

Hapo aliweka kitambaa chini akafikiri, maana si mtu mbaya, ni mtu wa utaratibu. "Akiwa hawezi kuletwa," akasema, "ina maana hayupo. Na asiyekuwepo hawezi kudhuriwa na kibano."

Nikamuuliza juu ya mtoto wa Kisima Kirefu. Uso wake ukafunga kama duka siku ya msiba.

"Kule hakuna mtoto. Mheshimiwa Waziri amekwenda mwenyewe, amepiga hodi, hakutoka mtoto."

Alitoa peremende akampa Tunu kwa juu ya bega langu. Njiani niliitoa mdomoni mwake nikaitupa mtaroni, akalia mpaka nyumbani.

Jioni ile redio ikakanusha uvumi. Mtangazaji alisema ni uongo kwamba pazia limemdhuru mtoto, na akawaonya wananchi wasiende kuchungulia nyumba yenye mlango wa buluu iliyo nyuma ya mashine ya kusaga, Kisima Kirefu, mkono wa kulia, kwa sababu hakuna cha kuona.

Nikaijua nyumba.

*

Asubuhi, Bi Siwema akiwa uani anaoga, nilipanda juu ya kiti na kisu cha kumenyea. Nilikitanua kibano cha serikali, nikakitoa meno yake ya ndani. Kisha nikachukua kiporo cha ugali, nikakifikicha na maji mpaka kikawa gundi, ile ya watoto kubandikia tiara za karatasi, nikatia manjano kidogo ifanane na shaba. Nikazigandisha ncha za kamba ndani yake, nikapulizia hadi mate yakanikauka. Gundi ilipokauka nikaijaribu. Ukivuta taratibu, inashika. Ukiishtua, inaachia.

Nilishuka nikakirudisha kiti mahali pake. Nilikuwa nimeibomoa dola kwa kiporo.

Meno ya shaba niliyafunga kwenye pindo la kanga. Nikajiambia nitakwenda Kisima Kirefu nikaujue ukweli. Uvumi ukiwa wa uongo, nitawarudishia shaba yao kabla ya ukaguzi na hakuna atakayejua. Ukiwa wa kweli, sikujua nitafanya nini. Nilichojua ni kwamba siwezi kukaa.

"Nakwenda kutafuta unga," nikamwambia Bi Siwema. "Mama, usimwache mtoto karibu na dirisha."

"Nimelea saba mimi," akasema. "Nenda na miguu yako hiyo isiyotulia."

*

Nyumba ya mlango wa buluu haikuwa na dirisha tena. Lilikuwa limezibwa kwa matofali, na juu ya matofali wamechora pazia, na juu ya pazia familia inayopunga. Walikuwa baba, mama, na baina yao chungu cha maua. Rangi ya chungu ilikuwa mpya kuliko nyingine. Yule mchoraji alifanya haraka, maana ubavuni mwa chungu ulikuwa umebaki mkono mdogo, bado unapunga.

Nilisimama pale nikiutazama ule mkono hadi mlango ukafunguka wenyewe.

Mwanamke aliyetokea alikuwa rika langu. Nikamwamkia, nikasema namtafuta Mama Kito, maana jina hilo nilitajiwa pale mashineni.

"Usiniite hivyo," akasema. Hakuwa na hasira, aliniambia kama unavyomwambia mgeni asikalie kigoda kibovu. "Siku hizi ni Nuru. Walikuja, wakasema Mama Fulani lazima awe na huyo Fulani. Wakanirudishia jina langu la kuzaliwa. Wakaniuliza kama nalikumbuka."

Aliniletea maji. Kwenye kamba ya nguo ndani ya ua palikuwa na kigauni kimoja, kimekauka, kimepauka kwa jua, na hakuna aliyekianua.

"Nilikuwa nateka maji," akasema. "King'ora kikalia. Alikuwa anapenda kuvuta. Yule afisa wetu alimsifu mbele ya mtaa mzima, akampa peremende." Akatazama pale palipokuwa na dirisha. "Kile kidude hakiachii, dada. Nilikivuta kwa mikono yote miwili. Niliking'ata. Hakiachii."

Nikamrudishia kikombe.

"Wewe unaye?" akaniuliza.

"Ninaye. Tunu."

"Basi rudi, Mama Tunu," akasema, na jina langu akalitamka polepole, kama mtu anayemshikia mwenzake kitu kisimwagike.

Nikafungua pindo nikayatupa yale meno ya shaba katika karo lake la maji machafu. Hayajazama hata, king'ora kikalia.

*

Nilikimbia. Pande zote mbili za barabara mapazia yalikuwa yanashuka, pa, pa, pa, na watu wa rangi wakinipungia kwa furaha. Niliita, "Jamani, kuna mtu anielekeze njia ya mkato?" Wakacheka na meno yao yote. Nilipiga dirisha la mtu nikasikia sauti ndani inasema, "Usifungue, ni mtego." Askari wa barabarani akanisimamisha.

"Wewe mbona uko nje bila kupunga?"

"Nimeacha pazia, afande."

"Umeacha pazia?" Akaingiwa na hofu kuliko mimi. "Kimbia, mama, kimbia."

Nikafika kwenye kona yetu. Msafara ulikuwa umesimama. Ulikuwa umesimama mbele ya nyumba yetu, magari meusi hadi mwisho wa macho, na katika mtaa mzima dirisha moja tu lilikuwa wazi, letu, na pazia limeviringika juu kabisa.

Ndani ya dirisha alikuwa Bi Siwema bila mtandio, amemkumbatia Tunu. Tunu alikuwa analia kwa sauti yake yote. Shingoni alikuwa na mstari mwekundu. Alikuwa analia, na mimi nikaketi palepale barabarani, maana anayelia anapumua.

Kioo cha gari kilikuwa kimeshushwa. Ndipo kwa mara ya kwanza nikamwona Mlezi Mkuu kwa karibu. Ni mzee mdogo, kwenye picha wanamkuza. Alikuwa ameegemea kidevu mlangoni, anamtazama mwanangu.

"Ngulumbi," akasema, "hii picha inasogea."

Waziri alikuwa amesimama kando ya gari, jasho linamtiririka hadi kwenye viatu. "Inasogea, Mheshimiwa Mlezi."

"Na inalia."

"Kwa furaha, Mheshimiwa Mlezi."

Mzee akatazama kulia, akatazama kushoto, mapazia yote ya mtaa yakampungia. "Mbona zile nyingine hazilii?"

Waziri akajifuta jasho. Mlezi Mkuu akampungia Tunu kwa kidole kimoja, kwa aibu, kama mtu aliyesahau kupunga kunavyofanywa. Tunu akakatisha kilio, akamtazama, akakwama kwa kwikwi. Kisha kioo kikapanda na msafara ukaondoka.

*

"Nilivuta kamba nikaipachika," Bi Siwema akanisimulia, huku amemkumbatia mtoto na hataki kumpa mtu. "Nikageuka kuepua chai tu. Kumbe kaingiza kichwa. Kamba ikachomoka kwenye kulabu, springi ikamvuta juu, miguu yake, mwanangu, miguu yake ilikuwa haigusi chini. Halafu kikaachia." Akashusha sauti. "Kibano cha serikali kimeachia. Mungu aisamehe serikali."

Nilikaa sakafuni nikaomba Tunu nimnyonyeshe. Yeye alikuwa ameshasahau, anachezea sikio langu. Mimi sijasahau. Hata sasa akikohoa naruka.

Bwana Kilindo na wakubwa zake walikuja kuchunguza. Walipanda kwenye kiti kimoja baada ya kingine kwa kufuata vyeo. Kibano kilikuwa kitupu, maana sisimizi walikuwa wameshaumaliza ugali wote, na wawili watatu walikuwa bado wanalamba. Wakubwa wakashauriana.

"Kibano hiki ni cha shaba," akasema wa kwanza.

"Shaba haiachii," akasema wa pili.

"Kwa hiyo hakikuachia," akasema Bwana Kilindo.

"Kama hakikuachia, pazia halikupanda."

"Kama halikupanda, alichokiona Mheshimiwa Mlezi ni picha."

"Na picha ilisogea."

Wakanitazama kwa heshima. Wakaniuliza rangi tunayotumia. Wakamtazama Tunu, wakamzunguka, mmoja akamgusa shavu kuona kama linachafua kidole.

Sikusema kitu. Nilikuwa nimejifunza kwamba katika nchi yetu mtu akinyamaza, wakubwa wanamalizia wenyewe.

*

Tangazo lilitoka redioni siku ya soko. Nyumba yetu imekuwa Dirisha la Mfano. Na kwa kuwa Mlezi Mkuu amependezwa na picha zinazosogea, kila dirisha litaongezewa kamba ya pili. Ya kwanza ni ya pazia. Ya pili itashikizwa kwa raia mdogo kuliko wote wa nyumba, ili asogee kwa mpangilio. Mheshimiwa Dokta Ngulumbi alisema kibano chake kitakuwa cha chuma cha pua, maana shaba imeanza kuvutia sisimizi.

Bwana Kilindo ndiye aliyekuja kuchukua vipimo. Safari hii hakupima kimo. Alimpima Tunu mzunguko wa shingo na wa kifua, akasema watachagua huko juu. Alikuwa na furaha kwa niaba yangu.

"Hongera, Bi Mwanaidi," akasema.

Nilifikiri nimesikia vibaya. "Umeniitaje?"

"Bi Mwanaidi. Si ndilo jina lako la kuzaliwa?"

"Jana ulikuwa unaniita Mama Tunu."

"Ni utaratibu mpya, nyumba zote." Alikuwa anakunja futi yake bila kunitazama. "Inapunguza kazi ya kubadilisha baadaye."

Alipoondoka, Bi Siwema akaenda kuchukua kiti. Mimi nikadhani anataka kukalia. Akakiweka chini ya dirisha, akaniletea kisu na sufuria ya kiporo; kumbe na yeye aliwaona wale sisimizi.

"Panda," akasema. "Mimi macho yangu hayaoni vizuri."

Kazi hiyo tumeshaimaliza kwetu na kwa Mama Chausiku, na leo tunakwenda kwa wengine kwa kisingizio cha kuomba chumvi. Mwanangu nimemfunga mgongoni na hashuki. Nayaandika haya stoo, juu ya magunia, maana ndicho chumba kisicho na dirisha, na ninayaandika kwenye karatasi za kufungia chapati. Ukiikuta karatasi hii imefunga chapati zako, isome kabla mafuta hayajaenea, kisha mpe jirani, na chapati kula.

Epuka haya:

Kamba ya pazia inayofika kwenye kimo cha mtoto.

Kitanzi, hata kikipewa jina zuri.

Kibano kisichoachia. Kama ni cha serikali, epuka mara mbili.

Kitanda cha mtoto, kiti au ndoo karibu na dirisha.

Gundi ya ugali wa dona, haishiki. Tumia wa sembe.

Kuua sisimizi.

Kugeuka kuepua chai.

Peremende ya afisa.

Kusubiri mpaka uwe na malalamiko.

Kuitika, akija mtu wa ofisi akakuita kwa jina lako la kuzaliwa na mtoto bado unaye mgongoni.